DARUBINI YA BUNDUKI MPYA: KWA NINI RISASI HAIENDI UNAPOLENGA?



Kiboko aliyepigwa risasi ya tumbo hafi palepale. Hurudi majini na jeraha lake, na kesho yake anayekutana naye ni mama aliyekwenda kuchota maji. Nyati ni hivyo hivyo. Huingia kichakani, hugeuka, husimama kimya na kumngoja anayemfuata. Kwa hiyo bunduki inayopiga pembeni yaweza kuleta balaa kuliko kutokuwa na bunduki kabisa. Watu wa bonde la Ziwa Rukwa, kuanzia Kamsamba hadi vijiji vya Wilaya ya Songwe, hawahitaji kuelezwa habari hii mara mbili.

Somo letu la leo ni juu ya raifali mpya iliyofungwa darubini. Bunduki imetoka dukani inang'aa. Darubini nayo ni mpya, kioo chake safi kama maji ya chemchemi. Lakini ukilenga katikati ya karatasi, tundu linaonekana pembeni. Ukipiga tena, linatokea mahali pengine. Je, kosa liko wapi? Watu wengi husema mara moja, "Darubini mbovu hii." Si hivyo. Mara nyingi darubini ni nzima, ila imefungwa vibaya. Na kosa la kufunga haliponi kwa kuzungusha vifundo, hata ukizungusha mpaka jua lizame.

Somo hili linawahusu kwanza askari wa wanyamapori wa vijiji na wa wilaya, na wale wachache wenye bunduki zao kwa leseni. Na wewe usiye na bunduki usilikunje gazeti. Siku Bwana Nyama atakapokuja kijijini kwenu kufukuza tembo shambani, utajua cha kumwuliza kabla hajaingia kwenye mahindi yako.

KABLA YA YOTE

Bunduki ya kiraia lazima iwe na leseni. Hiyo ni Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mambo ya wanyama yako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na mnyama hapigwi bila idhini hata kama bunduki ni yako na shamba ni lako. Mahali pa kupigia shabaha waulize polisi wa wilaya yako, kisha umwarifu mwenyekiti wa kijiji, ili watu wasikie mlio wakijua ni wa nini.

Uchague mahali penye mlima au kilima cha udongo nyuma ya shabaha. Mwamba haufai, maana risasi hudunda. Risasi ya raifali huweza kusafiri kilometa kadhaa isipokutana na kitu. Sisi wa Tunduma tunaishi mpakani, nyumba za Nakonde tunaziona kwa macho, na risasi haigongi muhuri wa pasipoti. Kwa hiyo kazi hii haifanywi karibu na mji wala karibu na mpaka.

Na kila unapoishika bunduki kwa kazi ya bisibisi, fungua komeo, angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole. Macho hudanganyika jioni; kidole hakidanganyiki. Risasi zenyewe zikae mbali na meza ya kazi.

MISTARI MIWILI

Ili uelewe ugonjwa, uelewe kwanza mwili. Katika bunduki yenye darubini kuna mistari miwili. Mstari wa kwanza ni wa jicho: unatoka jichoni, unapita katikati ya darubini, pale nyuzi mbili zinapokutana kama msalaba, unakwenda hadi kwenye shabaha. Mstari huu umenyooka kabisa. Mstari wa pili ni wa risasi. Huo haujanyooka. Risasi ni kama jiwe lililorushwa kwa nguvu sana. Huanza kuanguka mara tu inapouacha mtutu, ila kwa kuwa ina mbio kubwa hatuioni ikianguka.

Darubini imekaa juu ya mtutu, kimo cha sentimeta 4 hivi. Maana yake risasi huanza safari yake ikiwa chini ya mstari wa jicho. Ili mistari hii ikutane, mtutu lazima uinuliwe kidogo sana kuelekea juu. Kazi yote ya kusahihisha darubini ni kuifanya mistari hii miwili ikutane mahali unapotaka wewe, mathalan meta 100 kutoka mdomo wa mtutu.

Hapa ndipo penye jambo linalowachanganya wengi. Chukua raifali ya .375, bunduki inayojulikana sana kwa wanyama wakubwa tangu ilipotolewa Uingereza mwaka 1912. Ukiisahihisha ipige katikati kabisa kwa meta 100, basi kwa meta 25 itapiga sentimeta 1 hivi chini ya kitone. Hilo si kosa. Risasi bado inapanda kuufuata mstari wa jicho. Na ukiisahihisha ipige katikati kwa meta 25, kwa meta 100 itapiga sentimeta 5 hivi juu. Mtu asiyejua haya atazungusha vifundo mchana kutwa, akiharibu leo alichotengeneza jana.

KUFUNGA

Darubini haikai moja kwa moja juu ya bunduki. Kwanza kuna kikalio, yaani kile chuma kinachofungwa juu ya chemba kwa skrubu ndogo. Juu ya kikalio kuna pete mbili, nazo ndizo zinazoibana darubini. Kwa hiyo kuna ngazi tatu, na ngazi ya chini ikitikisika, za juu zote hutikisika. Nyumba ni msingi, mafundi uashi wa Vwawa wanalijua hili.

Bunduki mpya huja na oili ya kiwandani kwenye matundu ya skrubu. Oili hiyo ni adui. Futa matundu na skrubu kwa kitambaa chenye spiriti mpaka yakauke. Halafu funga kikalio. Tumia bisibisi au alenki inayoingia barabara, isiyocheza; ikicheza itakula kichwa cha skrubu, na hapo umeingia gharama. Kaza skrubu moja kidogo, nenda kwa nyingine, rudi tena, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari. Shika alenki kwa mkono wake mfupi, ukaze kwa nguvu ya vidole, si kwa nguvu ya bega. Skrubu hizi ni nyembamba, huvunjika ndani, na kuitoa iliyovunjika ni kazi ya karakana. Tone dogo la gundi ya skrubu linafaa kwenye kikalio. Kwenye pete usiitie; pete utazifungua tena.

Kabla hujakaza pete, weka mambo mawili sawa. La kwanza ni nafasi ya jicho. Bunduki kubwa ina teke. Ikikupiga teke na darubini iko karibu mno, ukingo wake utakupasua juu ya nyusi, na wako wawindaji wengi wenye kovu la mwezi mwandamo hapo. Kwa .375 uache sentimeta 9 au zaidi kati ya jicho na kioo. Fumba macho, weka bunduki begani kama kawaida yako, kisha fumbua. Ukiona duara lote limejaa nuru bila kivuli cheusi pembeni, ndipo pake. Fanya hivyo ukiwa umevaa koti unalovaa kazini, kwa sababu koti nene la baridi ya Mbozi huisogeza bunduki mbele.

La pili ni kunyoosha msalaba. Watu huunyoosha kwa kukadiria kwa jicho, na jicho hukosea. Chukua timazi ya fundi mwashi, au uzi wenye jiwe, uutundike ukutani meta 20 mbele. Bunduki ikae sawa kwenye vifuko vya mchanga, komeo likiwa limetolewa. Ukitazama, uzi wa wima wa darubini ulalie juu ya uzi wa timazi. Ukilala upande, zungusha darubini ndani ya pete mpaka ulingane, ndipo ukaze. Na ukikaza, mianya ya pete ilingane kulia na kushoto.

KUTAZAMA KWA NDANI YA MTUTU

Risasi ni ghali, usianze kwa kupiga. Toa komeo, weka bunduki kwenye vifuko vya mchanga, na meta 25 mbele simamisha karatasi yenye kitone cheusi kikubwa kama kisahani. Chungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma. Sogeza vifuko mpaka kitone kikae katikati ya duara la mtutu. Sasa, bila kuitikisa bunduki, inua kichwa utazame kwenye darubini. Msalaba uko wapi? Kama hauko kwenye kitone, uzungushe vifundo mpaka ufike.

Angalia sana hapa. Kwenye vifundo pameandikwa herufi za Kiingereza: UP, maana yake juu, na R, maana yake kulia, pengine L, kushoto. Maandishi hayo yanaihusu risasi, hayauhusu msalaba. Ukizungusha upande wa R, tundu la risasi litahamia kulia, lakini msalaba unaouona utahamia kushoto. Kwa hiyo wakati wa kuchungulia mtutu, msalaba ukiwa kulia mwa kitone na wewe unataka urudi kushoto, zungusha kuelekea R. Inaonekana kinyume, lakini ndivyo ilivyo. Siku ya kupiga risasi za kweli huna haja ya kinyume chochote: tundu liko kushoto, unalitaka kulia, zungusha R.

KUPIGA

Piga risasi tatu, siyo moja. Risasi moja haikuambii lolote. Yaweza kuwa ni pumzi yako tu. Piga tatu taratibu kwa meta 25, ukilenga mahali palepale kila mara, hata kama unaona ya kwanza imekwenda kombo. Usiguse kifundo katikati. Kisha nenda kwenye karatasi, utafute katikati ya matundu matatu. Hapo ndipo utakapopimia.

Sasa hesabu, maana hesabu ya darasa la kisomo ina kazi hapa. Darubini nyingi zimeandikwa robo ya dakika kwa kila mlio. Kila ukizungusha kifundo hulia "ka", na mlio mmoja huo husogeza tundu milimeta 7 hivi kwa meta 100. Kwa meta 50 ni nusu yake, milimeta 3 na nusu. Kwa meta 25 ni robo yake, milimeta 1 na robo tatu. Darubini nyingine, hasa za Ulaya, husogeza sentimeta 1 kamili kwa meta 100. Soma kwenye kifundo au kwenye kitabu chake kabla hujahesabu.

Tuseme umepiga kwa meta 25, na katikati ya matundu pako sentimeta 4 na nusu chini ya kitone, na sentimeta 7 kushoto. Tumekwisha kusema kwamba kwa meta 25 tunaitaka bunduki ipige sentimeta 1 chini. Kwa hiyo tunapandisha sentimeta 3 na nusu, yaani milimeta 35. Gawanya kwa 1 na robo tatu: milio 20 kwenda UP. Kushoto ni milimeta 70: milio 40 kwenda R. Zungusha, piga tatu tena uhakikishe, halafu ndipo uhamie meta 100. Huko utarekebisha milio michache tu. Kazi nzima isizidi risasi 12 au 15. Ikizidi, simama. Kuna ugonjwa.

UGONJWA UKO WAPI?

Tuseme kijana mmoja, askari wa wanyamapori wa kijiji, amepanda kutoka bondeni na bunduki ya kazi kwenda kwa mzee aliyestaafu kazi hiyo hiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Habari za huko Rukwa?"

"Nzuri, mzee, ila hii bunduki imenishinda. Jana nimepiga kumi, hakuna mbili zilizokaa pamoja. Nadhani darubini ni mbovu."

"Umezungusha vifundo?"

"Kila baada ya risasi, mzee. Ikienda kushoto nairudisha kulia."

"Basi umekuwa unaikimbiza kama kuku wa mgeni. Vifundo viache. Toa risasi zote, fungua komeo, halafu nipe alenki."

Mzee huyo ameanzia mahali pake. Matundu yakitawanyika ovyo, kifundo si dawa. Kifundo huhamisha kundi la matundu, hakilikusanyi. Lau matundu ya kijana yangekaa pamoja, hata sentimeta 20 pembeni, mzee angefurahi, maana hiyo ni bunduki nzima inayotaka kuambiwa tu iende wapi. Yaliyotawanyika ndiyo mgonjwa.

Atashika darubini kwa mkono mmoja na kitako kwa mkono wa pili, aisukume huku na huku. Ikitoa mlio mdogo au ikisogea hata unywele, skrubu zimelegea. Atafungua pete aangalie kikalio, kwa sababu mara nyingi pete zimekazwa sana na kikalio kilicho chini yake kinacheza. Pengine skrubu ya mbele ya kikalio ni ndefu mno. Inafika mwisho wa tundu kabla haijakibana kikalio. Kwa mkono unaona imekaza, kumbe imejikaza yenyewe. Kosa hili ni la kawaida katika bunduki mpya, hasa skrubu zilipobadilishana mahali.

Kisha skrubu za kitako. Hizo ni kubwa, ziko chini ya bunduki, karibu na kifyatulio, nazo ndizo zinazoshika chuma kwenye mbao. Zikilegea, kila risasi itaikuta bunduki imekaa namna nyingine.

Halafu ataomba noti ya shilingi elfu moja. Si malipo. Ataitelezesha kati ya mtutu na mbao kutoka mbele kurudi nyuma. Katika bunduki nyingi za siku hizi noti yapaswa kupita bila kukwama hadi karibu na chemba. Ikikwama, mbao inaugusa mtutu, na mtutu ukipata moto husukumwa upande. Zipo bunduki chache zilizotengenezwa makusudi ziguse karibu na ncha ya mbao; kitabu cha bunduki kitasema. Kwetu Mbozi, kuanzia Novemba hadi Aprili, mbao hunywa unyevu na kuvimba. Bunduki ya kitako cha mbao iliyopiga vizuri Septemba yaweza kuanza kukosea Januari bila mtu kuigusa.

Tumwache mzee na noti. Kama chuma na mbao ni vizima, mwangalie mpigaji. Nasema hili bila kumvunjia mtu heshima: raifali ya .375 inatisha. Mtu hufumba macho na kuvuta bega kabla ya mlio, asijue. Mjaribu hivi. Mwenzake ampakilie bila yeye kuona, mara risasi, mara risasi ya bandia ya mazoezi. Ikifika ya bandia, na mdomo wa mtutu ukatumbukia chini huku hakuna mlio, umempata mwenye kosa. Dawa yake ni mazoezi mengi ya risasi ya bandia, kuziba masikio kwa vizibo, na kuegemea vifuko vya mchanga vizuri. Vifuko hivyo vikae chini ya mbao, kamwe si chini ya mtutu wenyewe.

Mtutu wa moto nao hutawanya. Baada ya risasi tatu, fungua komeo, weka bunduki kivulini, kaa upige soga dakika kumi. Mtutu wenye oili ndani hupeleka risasi ya kwanza kombo, kwa hiyo pitisha kitambaa kikavu kabla ya kuanza. Na usichanganye maboksi ya risasi. Boksi la .375 lenye kichwa cha uzito wa greni 300 na lile la greni 270 hayapigi mahali pamoja. Bunduki ikisahihishwa kwa risasi za aina moja, ziwe ndizo hizo hizo shambani.

Sasa ugonjwa wa pili: kifundo kimefika mwisho, hakizunguki tena, na matundu bado yako mbali. Usikilazimishe, utakata kichuma cha ndani. Huo ni ushahidi kwamba darubini haielekei mtutu unakoelekea. Pengine kikalio cha nyuma kimewekwa mbele, na kimo chake ni tofauti. Pengine kikalio ni cha bunduki ya aina nyingine. Pengine pete zimepinda. Rudisha vifundo katikati: zungusha hadi mwisho mmoja, hesabu milio yote hadi mwisho wa pili, rudi nusu. Kisha fungua kila kitu uanze upya, tena kwa kutazama ndani ya mtutu. Kama bado, peleka kwa fundi wa bunduki mwenye leseni. Usifanye kazi ya tupa nyumbani.

Ugonjwa wa tatu ni wa hila. Kwa meta 25 bunduki inapiga vyema. Kwa meta 100 inakwenda kulia kidogo, kwa meta 200 kulia zaidi, na hakuna upepo. Hapo shuku msalaba uliolala upande, au mkono unaoinamisha bunduki bila kujua. Rudi kwenye timazi.

Na kama umekagua yote haya na matundu bado yanatawanyika, ndipo uishuku darubini. Njia ya kuikamata ni rahisi. Itoe, upige kwa vilengeo vya chuma vya bunduki, kile kinundu cha mbele na mfuo wa nyuma. Matundu yakikusanyika, darubini ndiyo mwizi. Kwa sababu hii, na kwa sababu darubini huweza kuvunjika siku ya hatari, sisi hatuoni vizuri mtu kung'oa vilengeo vya chuma kwa ajili ya urembo. Na tukiwa hapo hapo: kwa kazi ya wanyama waharibifu, ambao huja jioni na hupigwa kwa karibu, darubini ya kukuza mara 1 hadi 4 inatosha kabisa. Hizo za mara 12 humwonyesha mtu kutetemeka kwake na unywele mmoja wa nyati, asijue ni wa bega au wa paja.

Ukungu ndani ya kioo ni habari nyingine. Ukungu wa nje unafutika. Wa ndani maana yake maji yameingia, na darubini hiyo irudi dukani ingali na hati yake ya kununulia. Usiifungue.

BARABARA YA KUSHUKA BONDENI

Watu huuliza: bunduki iliyosahihishwa juu Mbozi, penye mwinuko wa meta 1,500 hivi, itapiga sawa chini Rukwa, kwenye meta 800 na joto kali? Kweli hewa ya chini ni nzito zaidi, na baruti yenye joto husukuma zaidi. Lakini kwa meta 100 tofauti hiyo ni ndogo mno kwa mnyama mkubwa. Kinachobadilisha bunduki si hewa, ni barabara. Saa kadhaa za kutikisika nyuma ya gari au juu ya pikipiki hulegeza skrubu iliyofungwa na mtu mvivu. Ifunge bunduki katika blanketi, isiwe na risasi ndani, darubini ikae juu, isilaliwe na magunia.

Iko hila moja ndogo ya kujua kama skrubu imezunguka njiani. Ukishamaliza kusahihisha, chukua rangi ya kucha ya mke wako, kwa ruhusa yake, uchore mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Ukifika bondeni, tazama. Mstari ukiwa umekatika, skrubu imetembea, na bunduki hiyo haiendi kwa kiboko mpaka ipigiwe tena karatasi. Hata mstari ukiwa mzima, kama mahali panaruhusu, piga risasi moja ya kuhakikisha kabla ya kazi.

DAFTARI

Kila bunduki iwe na daftari lake. Andika tarehe, mahali, umbali, aina ya risasi na uzito wa kichwa chake, matundu yalikaa wapi, umezungusha milio mingapi na upande gani, nani alipiga. Bandika na karatasi yenyewe ya shabaha, iliyokunjwa. Askari akihamishwa, anayepokea bunduki apokee na daftari. Bunduki za wilaya hupita mikono mingi, na kila mkono hupenda kuzungusha kifundo kidogo. Daftari ndilo litakaloonyesha ni lini iliacha kupiga vizuri.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Matundu matano yametawanyika karatasi nzima. Utaanza kugusa nini, na kitu gani hutakigusa?

2. Kwa nini bunduki iliyosahihishwa kwa meta 100 hupiga chini kidogo kwa meta 25?

3. Umechungulia ndani ya mtutu, ukaona msalaba wa darubini uko juu ya kitone. Unataka ushuke. Utazungusha kifundo kuelekea UP au kinyume chake? Eleza sababu.

4. Umepiga risasi tatu kwa meta 50. Zimekaa pamoja, sentimeta 14 kulia mwa kitone. Darubini yako husogeza milimeta 7 kwa kila mlio kwa meta 100. Utazungusha milio mingapi, na upande gani?